Kituo Kidogo cha Hali ya Hewa Uganda: Jinsi ya Kuchagua Mahali na Kufunga Vihisi

Kipimajoto cha bei poa kilichofungwa mahali pazuri hushinda kituo cha mamilioni kilichopigiliwa ukutani chini ya bati. Wauzaji hawakwambii hivyo kwa sababu wao wanauza vifaa, hawauzi mahali. Mwongozo huu unahusu mahali zaidi kuliko vifaa: nguzo isimame wapi, kila kihisi kikae kimo gani, na utajuaje kwamba namba unazosoma ni za hewa ya eneo lako, wala si za ukuta wa jirani.

Vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi navyo vina shida yao. Vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na ikweta. Vinakuagiza uelekeze paneli ya sola kusini, vinasema mgandamizo ukishuka mvua inakuja, na skrini inakuchorea hata theluji. Sisi jua linatupita utosini, miezi mingine likiwa kaskazini yetu, mingine kusini. Kwa hiyo baadhi ya maelekezo yale tutayafuata, mengine tutayaweka kando. Ninaandika nikiwa Kasese, chini ya Rwenzori, na mifano mingi ni ya huku, lakini kazi ni ileile uwe Arua, Mbale au Masaka.

Hatua ya 1: Amua unataka kujua nini

Mkulima wa kahawa kule Bwera anahitaji mvua na unyevunyevu kabla ya kitu kingine chochote. Klabu ya jiografia shuleni inataka kila kitu, ili wanafunzi wajifunze. Mtu anayeishi karibu na mto Nyamwamba, uliofurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ana swali tofauti kabisa: mvua imenyesha kiasi gani huko juu milimani? Kituo cha uani kwake mjini hakitamjibu, maana mto hufurika hata siku ambayo mjini vumbi linatimka. Huyo afadhali atafute rafiki au shule huko juu, aweke kipimamvua kimoja kwao.

Ukishajua swali lako, utajua kihisi gani kipewe nafasi bora. Uwanja mdogo hautoshi kwa vyote. Kimoja kitakula hasara, na ni vizuri uchague wewe mwenyewe kipi.

Hatua ya 2: Tafuta mahali

Unatafuta sehemu tambarare, yenye nyasi fupi, iliyo wazi pande zote, mbali na mabati, lami, zege, kichomea taka na jiko la kuni. Iwe pia mahali penye macho ya watu. Paneli na betri huibwa, na bomba la chuma lina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Uwanja wa shule, wa kanisa au msikiti, au wa kituo cha afya chenye askari wa usiku, mara nyingi unafaa kuliko shamba la peke yake mbali na nyumba.

Kanuni za Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuhusu vizuizi ni rahisi kuzikumbuka. Kipimamvua kiwe mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, na mara nne ni bora zaidi. Kipimaupepo kinadai mara kumi. Mwembe wenye kimo cha mita 8, basi, unataka kipimamvua kikae angalau mita 16 kutoka kwake, na kipimaupepo mita 80.

Huna futi kamba ya kupimia mwembe? Nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Ngumi moja huziba takriban digrii 10 za anga. Simama pale unapotaka kuweka kifaa, uhesabu ngumi kutoka usawa wa macho hadi ncha ya mti. Kwa mvua, ncha isizidi ngumi mbili na nusu. Ikiwa chini ya ngumi moja na nusu, pazuri sana. Kwa upepo, nusu ngumi tu. Zunguka pande zote nne, na usisahau migomba: leo iko magotini, kabla ya mwaka kwisha itakuwa juu ya paa. Mikalitusi ndiyo mibaya zaidi kwa sababu hukua haraka na mwenyewe hataki uikate.

Kabla ya kuchimba shimo, ongea na watu. Mwenye ardhi, mkuu wa shule, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na kama uko karibu na uwanja wa ndege mdogo kama ule wa Kasese, uliza pia wahusika wa usafiri wa anga kabla ya kusimamisha mlingoti mrefu. Waeleze majirani kifaa kinafanya nini. Kila mara kiangazi kikikaza, kuna atakayesema chombo cheupe chenye taa ndicho kinachofukuza mvua. Ukiwa ulishawaita watoto wa jirani wakasoma namba wenyewe, maneno hayo hayafiki mbali.

Hatua ya 3: Nguzo

Bomba la mabati la inchi mbili linatosha kwa kituo cha mita 2 au 3. Mti wa kawaida usiutumie, mchwa watakumalizia kazi. Chimba shimo la sentimita 60, mimina zege la uwiano wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na usimamishe bomba kwa timazi. Acha zege likauke wiki nzima kabla ya kufunga chochote kizito. Nguzo ikipinda kidogo tu, kipimamvua kinainama, kihisi cha jua kinainama, na dira ya upepo (kile kimshale kinachoonyesha upepo unatoka wapi) inapata upande inaoupenda.

Mlingoti wa mita 10 wa kipimaupepo unahitaji nyaya tatu za kuuvuta, zilizogawanya duara sawasawa, na njia ya kuulaza chini. Bawaba kwenye kitako ni gharama ndogo. Bila bawaba utatafuta fundi wa kupanda kila kikombe kinapokwama.

Nunua pia pimamaji, nati na bolti zisizoshika kutu, mikanda ya plastiki myeusi (myeupe huliwa na jua haraka), na waya wa kutosha. Waya mfupi ukiungwa njiani, pale pa kiungio ndipo maji yatakapoingia.

Hatua ya 4: Joto na unyevunyevu

Kihisi cha joto kinapaswa kupima hewa, na jua linafanya kila njia kukizuia. Kimo kinachokubalika ni kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi. Kisizidi hapo wala kisipungue, kwa sababu hewa iliyo karibu na udongo saa nane mchana ina joto kali, na hiyohiyo huwa baridi zaidi alfajiri.

Kihisi kikae ndani ya kizimba cheupe chenye sahani zilizopangwa juu kwa juu, hewa ipite kati yake bila jua kuingia. Unaweza kununua, au ukatengeneza kwa visahani vyeupe vya plastiki vinavyowekwa chini ya vyungu vya maua. Vigeuze kifudifudi, toboa vya katikati, viachanishe kwa vipande vya bomba vya sentimita 2, na upitishe vijiti vitatu vyenye nati. Kisahani cha juu kabisa na kinachofuata visitobolewe. Ndani paka rangi nyeusi kama unaweza, ili mwanga unaorudi kutoka chini umezwe badala ya kuruka hadi kwenye kihisi. Hata kizimba kizuri kisicho na feni kitasoma juu kidogo, pengine digrii moja au zaidi, wakati jua ni kali na upepo umelala. Ni kawaida. Andika tu kwamba ni kizimba kisicho na feni.

Kama unatumia sanduku la mbao la mtindo wa zamani, lile lenye miguu na mlango wa vibao, hapa kuna jambo la kwetu. Ulaya mlango hutazama kaskazini, jua lisiingie mtu anapofungua. Kwenye ikweta hilo linafaa tu miezi ambayo jua liko kusini, kama Desemba. Mwezi Juni jua la saa sita liko kaskazini yetu kwa zaidi ya digrii 23, na litaingia moja kwa moja. Maeneo ya tropiki huweka milango miwili, mmoja kaskazini, mmoja kusini, na msomaji hufungua ule ulio kivulini.

Kabla ya kufunga, kagua kihisi. Kama ni kile kisichoingia maji, kama DS18B20 yenye mfuniko wa chuma, ponda barafu, changanya na maji kidogo safi kwenye chupa ya chai, koroga, na uache kihisi humo dakika kumi. Kinapaswa kusoma 0, kikikosea kwa nusu digrii juu au chini hakuna neno. Maji yanayochemka usiyatumie kama digrii 100. Kasese iko karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka takriban digrii 97. Kampala ni pungufu kidogo ya hapo, na Kabale pungufu zaidi.

Unyevunyevu una kipimo chake cha jikoni. Weka chumvi kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ingiza kizibo pamoja na kihisi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ufunge, na usubiri nusu siku mahali pasipo na jua. Hewa ya ndani itatulia kwenye asilimia 75. Kihisi kikisoma 71, basi una tofauti ya 4, iandike. Chumvi iwe ya paketi, iliyosafishwa. Ile ya Katwe, pamoja na heshima zake zote, ina madini mengine ndani yake na haitakupa 75. Na uji wa chumvi usiguse kihisi, utakiua.

Hatua ya 5: Mvua

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mvua ndiyo inayoulizwa na kila mtu, na ndiyo inayopimwa vibaya kuliko vyote.

Vipimamvua vingi vya kituo kidogo ni vya kibembea: maji huteremka kwenye faneli, hujaza kijiko, kijiko kikijaa huanguka upande wa pili na kuhesabiwa. Mara nyingi kila mwanguko ni milimita 0.2. Ni chombo kizuri kwa manyunyu na mvua ya wastani. Mvua zetu za radi, zile zinazomwagika nusu saa na kuacha mitaro imejaa, hukishinda, kwa sababu maji huendelea kuingia wakati kijiko kiko katikati ya kuanguka. Mvua ikiwa kali, hesabu hupungua. Kwa hiyo ninasisitiza jambo ambalo wapenda elektroniki hawalipendi: weka kipimamvua cha kawaida cha mkono kando yake, mita 2 au 3 pembeni. Cha mkono ndicho hakimu wa jumla ya siku, na cha kibembea kinakwambia mvua ilianza saa ngapi na ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Mdomo wa kipimamvua uwe takriban mita 1 kutoka ardhini, na ukae sawa kabisa. Weka pimamaji juu ya faneli mara mbili, mashariki–magharibi kisha kaskazini–kusini. Chini yake pawe na nyasi. Zege au udongo mtupu hurusha matone yakaingia. Usikifunge juu ya paa: upepo unaopanda ukutani hubeba matone kupita juu ya mdomo, na utalia ukame wakati jirani anavuna maji. Ukizungushia uzio, uwe wa waya unaopitisha hewa, na kipimamvua kiwe mbali na uzio kwa mara mbili ya kimo chake.

Sasa kukagua hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Pima kipenyo cha faneli kwa ndani, tafuta eneo kwa sentimita mraba, gawanya kwa kumi, na hizo ndizo mililita za kila milimita moja. Faneli ya sentimita 20 ina eneo la 314, kwa hiyo milimita 1 ni mililita 31.4, na mwanguko mmoja wa 0.2 ni takriban mililita 6.3.

Pima gramu 628 za maji kwenye mizani ya jikoni, ambazo ni sawa na milimita 20, yaani mianguko 100. Tia maji kwenye chupa ya plastiki, toboa kizibo kwa ncha ya sindano, igeuze juu ya faneli, na uache yatiririke polepole kwa muda wa saa nzima au zaidi. Ukimwaga haraka unapima haraka yako, hupimi chombo. Mwisho hesabu. Ukipata mianguko 94, kila namba ya mvua utaizidisha kwa 1.06, au ukaze skrubu zilizo chini ya vijiko na kurudia. Mimi napendelea kuacha skrubu zilivyo na kusahihisha kwenye hesabu, kwa sababu skrubu zikishaguswa, rekodi ya nyuma inapoteza maana.

Kipimamvua cha mkono kinaweza kuwa kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa: kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua. Chupa ya soda ya lita mbili nayo yafaa, ukikata sehemu ya juu na kuigeuza iwe faneli. Kitako chake kina mabonde, hivyo jaza kokoto, mimina maji mpaka mstari utakaouita sifuri, na uanze kuhesabu hapo.

Soma saa tatu asubuhi kila siku. Hiyo ni 06:00 ya saa za dunia (UTC), na ndiyo saa ya kusoma mvua katika vituo vya Afrika Mashariki. Mvua uliyoikuta asubuhi ya Jumanne iandike kuwa ni ya saa 24 zilizoishia hapo. Ikiwa kituo chako cha elektroniki kinafunga siku saa sita usiku, jumla zake za kila siku hazitalingana na zako mpaka ukizipanga upya kuanzia saa tatu hadi saa tatu.

Adui wa kipimamvua huku hahitaji kutambulishwa. Ndege hutua na kuacha kinyesi. Kampala na Entebbe ni makorongo wale wakubwa wa majalalani. Funga vijiti vya waya vilivyochongoka kuzunguka mdomo, vipite mdomo kwa sentimita chache bila kuufunika. Ufukweni mwa ziwa, mawingu ya vijidudu vya ziwani huziba tundu la faneli kwa usiku mmoja. Kwingineko ni majani, vumbi la kiangazi, na buibui anayefunga kijiko kwa uzi kiasi kwamba mvua inanyesha na kituo kinaandika sifuri. Sifuri ya buibui na sifuri ya ukame ziko sawasawa kwenye skrini. Hakimu wako ni kopo la pembeni.

Hatua ya 6: Upepo

Kimo rasmi cha kipimaupepo ni mita 10, mahali wazi. Wengi wetu hatutafika huko, na si aibu. Wakulima wanaokokotoa mahitaji ya maji ya mimea hutumia upepo wa mita 2. Jambo la lazima ni kuandika kimo chako. Kutoka mita 10 kwenda mita 2 kwenye uwanja wa nyasi, upepo huzidishwa kwa 0.75 hivi; kutoka mita 3, kwa 0.92.

Ukilazimika kukiweka juu ya nyumba, kipandishe mita 3 au zaidi kupita kilele cha paa, usikifunge kwenye ukingo. Lakini kihisi cha joto kisikifuate huko juu. Hapo ndipo vile vituo vya kila kitu kwenye mkono mmoja vinapokutia mtegoni: upepo unataka kupanda, joto na mvua vinataka kubaki chini. Kama una cha namna hiyo, ushauri wangu ni kukifunga mita 2 juu ya nyasi, uridhike na upepo wa mita 2, na upate joto na mvua za kweli.

Dira ya upepo ina alama ya kaskazini. Ielekeze kwa dira ya kawaida; tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli hapa Uganda ni ndogo, haizidi kosa la kifaa chenyewe. Usiweke simu au dira karibu na bomba la chuma unapopima. Rudi nyuma hatua kadhaa, tafuta kitu cha mbali kilicho kaskazini kamili, mnara au kilele, kisha mshale uelekezwe kwenye kitu hicho.

Baadaye upepo wenyewe utakuthibitishia. Entebbe mchana hewa hutoka ziwani kuingia nchi kavu, usiku hugeuka. Chini ya milima hewa baridi huteremka mabondeni usiku na kupanda mchana kukiwa na jua. Mlima ukiwa magharibi yako na dira inasema kila usiku tulivu upepo unatoka mashariki, kagua ufungaji kabla ya kuandika ugunduzi.

Hatua ya 7: Mgandamizo wa hewa

Barometa ndiyo rahisi kufunga. Inaweza kukaa ndani ya boksi la elektroniki au hata chumbani, mradi jua na feni visiipige na boksi liwe na tundu la kupumua.

Kuisoma ndiko kunakotaka akili. Kasese usitegemee 1013, namba ya kawaida ya usawa wa bahari. Utapata takriban hektopaskali 905, na Entebbe, iliyo karibu mita 1,150, namba za kati ya 880 na 890. Hakuna kilichoharibika, uko juu tu. Vituo huongeza tofauti hiyo ukiviambia kimo chako, na kosa la mita 10 la kimo ni takriban hektopaskali 1. Kimo cha simu hukosea kwa urahisi zaidi ya hapo, afadhali ramani nzuri ya vimo.

Halafu tazama mchoro wa siku tatu. Utaona mawimbi mawili kila siku: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ni pumzi ya anga ya tropiki, na ukiiona ujue barometa yako ni nzima. Kwa sababu hiyohiyo kile kipicha cha wingu kwenye skrini kipuuze. Kinaona mgandamizo unashuka kila mchana na kutabiri tufani kila mchana. Mvua zetu za radi huzaliwa na joto, maziwa na milima, bila kusubiri mgandamizo ushuke siku nzima kama huko ulikotengenezwa mtambo.

Hatua ya 8: Umeme, boksi na radi

Hesabu ya umeme ni fupi. Kifaa kinachokula wastani wa miliampia 50 kwa volti 5 kinahitaji wati-saa 6 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampia-saa 7, ukitumia nusu yake tu ili idumu, itakubeba takriban wiki moja bila jua. Paneli ya wati 10 inatosha na kubaki.

Paneli uiinamishe digrii 10 hadi 15, kusudi mvua ioshe vumbi. Kwenye ikweta mwelekeo hauna uzito mkubwa. Ila tazama mawingu ya kwenu. Mahali ambapo asubuhi ni nyeupe na mchana mlima unafunika, ielekeze mashariki. Hiyo haimo katika kijitabu chochote.

Boksi liwe jeupe, likae kivulini chini ya paneli, nyaya zote ziingie kwa chini, na kila waya ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondoke nje. Ziba kila mwanya: siafu na sisimizi hupenda joto la elektroniki, na nyigu hujenga ndani ya siku chache. Paka nguzo mkanda mmoja wa grisi. Kama unajitengenezea mwenyewe kwa bodi ndogo za kompyuta kama ESP32 au Arduino, kumbuka kwamba vihisi vya kidijitali kama BME280 havipendi waya mrefu. Zaidi ya mita moja hivi vinaanza kukatakata. Chagua laini ya simu kwa kupima mtandao palepale nguzoni, ukiwa umesimama, siku ya soko.

Radi usiichukulie kama jambo la kitabuni. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazopigwa sana na radi. Juni 2011 ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo, ikaua watoto 18 na mwalimu wao. Mlingoti wa chuma kwenye uwanja ulio wazi ni shabaha. Uwe mbali na madarasa na mahali pa kukusanyikia, uungwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyozama ardhini, na usiwe na waya unaoingia darasani. Tuma data kwa redio au laini ya simu. Fimbo ya ardhini haiokoi vihisi pigo likiwa la moja kwa moja. Ngurumo ikisikika, mtu asikaribie nguzo, hata kama kopo limejaa.

Hatua ya 9: Saa, mahali na daftari

Weka saa ya kituo kuwa UTC+3 na uzime mabadiliko ya saa ya kiangazi; sisi hatuna. Hakikisha kila msomaji anaandika saa kwa mtindo mmoja. "Saa 3" ya mwanafunzi mmoja ikiwa asubuhi na ya mwingine, anayehesabu kwa saa za Kizungu, ikiwa usiku wa manane, rekodi imekwisha.

Latitudo itazame mara mbili. Kasese na Kampala ziko kaskazini mwa ikweta kwa sehemu ya digrii tu, Masaka na Mbarara ziko kusini. Alama ya kutoa inayoonyesha kusini ikisahaulika, kituo cha Mbarara kinaruka zaidi ya kilomita 100 kwenye ramani.

Piga picha nne kutoka nguzoni: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Rudia kila mwaka. Daftari liandikwe kila tukio: tarehe kihisi kilipobadilishwa, nyasi zilipokatwa, jirani alipoezeka paa jipya.

Wiki za kwanza, na baada ya hapo

Funga kituo kabla ya mvua. Kusini hiyo ni Februari au Agosti, maana mvua kuu ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kaskazini, ambako msimu ni mmoja mrefu wa Aprili hadi Oktoba, maliza kufikia Machi. Wiki mbili za mwanzo usimtumie mtu namba yoyote. Linganisha kopo na kibembea kila asubuhi. Tazama kama unyevunyevu umekwama kwenye 100 hata saa nane mchana wa jua, kama joto linaruka ghafla saa ileile kila siku (kuna mwanga unaoingia kizimbani), kama upepo ni sifuri siku nzima. Sifuri ya usiku bondeni ni ya kweli mara nyingi.

Kisha kila wiki safisha faneli, kila mwezi futa kizimba na paneli kwa kitambaa chenye maji bila sabuni kali, nyasi zikatwe, na kila mwanzo wa msimu urudie chupa ya gramu 628 na mfuko wa chumvi. Kihisi cha unyevunyevu ndicho huchoka mapema. Kiwekee akiba.

Ukitaka data yako iwafae wengine, wasiliana na taasisi ya serikali ya hali ya hewa ya Uganda, na uwapelekee maelezo ya kituo pamoja na zile picha nne. Vipo pia vituo vya TAHMO, mpango wa kusambaza vituo vya hali ya hewa Afrika, kwenye baadhi ya shule, na Chuo Kikuu cha Makerere kiliwahi kubuni vituo vya bei nafuu katika mradi wa WIMEA-ICT pamoja na vyuo vya Dar es Salaam, Juba na Bergen. Kutangaza utabiri au tahadhari kwa umma waachie wao. Wewe toa vipimo. Unapotoa, toa faili mbili: moja yenye namba ghafi kama zilivyotoka kwenye kihisi, nyingine iliyosahihishwa, na juu yake andika ulizidisha kwa ngapi, na tangu tarehe gani.